Kabati Lenye Jina la Binti

Hodi! Hodi hapa!

Nani huyo anayebisha? Ni kabati, wapwa zangu. Ndiyo, kabati la vyombo. Lina zaidi ya miaka 300, limehama nyumba hii kwenda ile, na leo limetaka kuzungumza nanyi. Mgeni hafukuzwi mlangoni. Mpisheni akae.

“Ahsanteni,” linasema kabati. “Mimi nilitengenezwa Hadley, kijiji cha wakulima kando ya mto Connecticut, katika koloni la Massachusetts. Ilikuwa kama mwaka 1715. Nchi inayoitwa Marekani ilikuwa bado haijazaliwa. Wenyeji wangu walikuwa Waingereza waliovuka bahari, na watoto na wajukuu wao, wote chini ya mfalme aliyekaa London. Fundi alinipaka rangi mwili mzima. Akanichora maua, akanichora mioyo. Kisha mbele yangu, pale ambapo kila anayeingia ndani lazima apaone, pakaandikwa kwa herufi kubwa: HANNAH BARNARD.”

“Mjomba, Hannah ndiye fundi?”

Hapana, lakini umeuliza vizuri. Hannah ndiye mwenye kabati. Alikuwa binti wa watu, anakaribia kuolewa.

“Sasa kwa nini jina liandikwe kwenye kabati? Si lingeandikwa kwenye daftari?”

Ehee! Mtoto anayeuliza hivyo hatalala na ujinga. Hapo ndipo kilipo kisa chetu. Ila siwezi kukujibu mpaka nikueleze kwanza jinsi wakulima wale walivyorithishana mali. Kabati litanisaidia pale nitakapochoka.

Tuanze na mali yenyewe. Mkulima wa Massachusetts alikuwa na nini? Alikuwa na shamba la mahindi na shayiri. Alikuwa na malisho, msitu wa kuni, nyumba ya mbao, ghala la nyasi kavu. Vilevile alikuwa na ng’ombe, kondoo, majembe, chungu cha chuma, sahani za bati, mashuka, na kitanda chenye godoro la manyoya ya ndege. Godoro hilo msilichezee. Katika nyumba nyingi, kitanda na matandiko yake ndicho chombo kilichokuwa na bei kuliko vyombo vyote.

Sasa zitenge mali hizo mafungu mawili. Fungu la kwanza: vitu visivyohama. Fungu la pili: vitu vinavyohama.

“Ardhi haihami,” linasema kabati. “Mimi nahama.”

Na watoto je? Mvulana akioa, anabaki karibu na baba yake. Msichana akiolewa, anakwenda kwa mumewe. Kwa hiyo ardhi isiyohama akapewa mtoto asiyehama. Na vyombo, mashuka, ng’ombe, kabati, vitu vinavyohama, akapewa mtoto anayehama. Haikuwa amri ya kila nyumba. Baba asiye na wana wa kiume aliweza kuwaachia mabinti zake shamba, na wapo wengine waliofanya hivyo hata walipokuwa na wana. Lakini desturi iliyozoeleka ilikuwa hiyo. Ardhi haihami. Kabati linahama.

“Mjomba, hiyo ardhi waliipata wapi wakati walikuja kwa meli?”

Nilikuwa nangoja mmoja wenu aulize. Maana anayerithi huuliza baba kapata nini, na ni wachache wanaouliza baba kapata wapi.

Twende mashariki ya Hadley, kwenye mji unaoitwa Andover. Mwaka 1646 walowezi waliandikisha kwamba ardhi ya Andover wameinunua kwa Cutshamache, chifu wa wenyeji wa Massachusetts. Bei yake? Pauni 6 na koti moja. Sikilizeni tena: pauni 6 na koti moja, kwa mji mzima. Katika mapatano hayo alitajwa mwenyeji mmoja ambaye Waingereza walimwita Roger. Iliandikwa kwamba Roger na watu wake wataruhusiwa kuendelea kuvua samaki mtoni kwa chakula chao, na kwamba Roger ataendelea kulima ekari 4 alizokuwa akilima. Aliyekuwa na mto mzima sasa ana ruhusa ya kuvua. Mimi nimezisoma hesabu hizo mara nyingi na bado koti lile linanikera.

Basi, walowezi wakagawana. Mzee wa kwanza kufika Andover aliweza kujikusanyia ekari 100, au hata zaidi sana. Watoto nao walikuwa wengi. Saba, wanane, lilikuwa jambo la kawaida. Mwana wa kwanza akikua, akitaka kuoa, baba humwambia: “Kajenge kule ng’ambo ya kijito, ulime pale.” Kijana anajenga. Analima. Anapata watoto. Kila mtu kijijini anapaita pale kwa jina la kijana.

“Basi keshapewa!”

Polepole. Hati iko wapi?

“Hati anayo baba?”

Hati anayo baba! Hongera, umeshamshika mzee kwenye mkono uliofumbwa. Mwanahistoria Philip Greven alikaa na wosia na hati za Andover, akaandika kitabu mwaka 1970, na humo mambo hayo yako wazi. Baba wengi wa kizazi cha kwanza waliwaacha wana wao walime na kujenga, lakini hati hawakuitoa mpaka walipokufa. Kijana anaweza kuwa na mvi mbili tatu na bado shamba analolima, kwa karatasi, ni la baba. Hawezi kuliuza. Hawezi kuondoka akaanze maisha pengine, maana ataondoka mikono mitupu. Hata kuoa kulichelewa. Wana wa wazee wale waanzilishi walioa wakiwa na umri wa karibu miaka 27, maana kabla ya mke unahitaji shamba, na kabla ya shamba unahitaji baba akubali.

“Baba walikuwa wabaya?”

Sisemi hivyo. Mjue wakati ule hakukuwa na pensheni, wala benki kijijini ya kumlea mzee. Mzee mwenye shamba alikuwa na mtu wa kumpasulia kuni. Mzee aliyekwisha kutoa shamba alikuwa na ahadi tu. Ndiyo maana wapo waliotoa hati mapema, lakini wakafunga masharti ndani yake: utanilisha mimi na mama yako, utatuletea kuni, utamtunza ng’ombe wetu kiangazi na majira ya baridi, usipofanya hivyo, shamba linarudi. Mtoto na baba yake wanaandikiana mbele ya mashahidi! Lakini nyumba nyingi zilikaa kwa amani kwa sababu ya karatasi hiyo.

Sasa sikilizeni tatizo lilipoanzia. Chukua mkeka mpana, ule wa ukumbini unaotandikwa wakati wa maulidi. Wana wanne wanautaka. Ukaukata vipande vinne. Kila mmoja ana mahali pa kulala, tena anajinyoosha. Wale wanne nao wakazaa wana wanne wanne. Kata tena. Sasa una vipande 16. Kila mmoja ana mahali pa kuketi, lakini si pa kulala. Kata tena.

“Hapo ni kitambaa cha kufutia miguu, Mjomba!”

Ndivyo ilivyokuwa. Mzee wa kwanza alikuwa na mkeka mpana. Wajukuu wa wajukuu wake wakabaki na ukili mkononi. Tena udongo wenyewe ulikuwa umechoka kwa kulimwa. Wakafanyaje?

Wengine waliacha kuukata. Baba alimpa shamba mtoto mmoja, si lazima kifungua mimba, na kumwamuru awalipe ndugu zake fedha kidogo kidogo kwa miaka. Wajerumani waliohamia koloni la Pennsylvania nao walipenda njia hiyo: mtoto mmoja analichukua shamba zima, ndugu wanapokea fedha. Wengine walifundishwa ufundi. Useremala, uhunzi, ushonaji viatu, na ufundi huo ukahesabiwa kuwa urithi wao. Na wengine walikwenda kutafuta mkeka mpya. Mwaka 1725 watu wa Andover na wa mji jirani wa Haverhill walipewa kibali cha ardhi iliyoitwa Penacook, juu kaskazini. Leo ni Concord, makao makuu ya jimbo la New Hampshire. Penacook ni jina la watu waliokuwa wakiishi pale. Koti jingine hilo.

Na kulikuwa na urithi wa aina moja ambao nyinyi wenye madaftari mtaupenda. Katika mji wa Braintree aliishi John Adams mzee, mkulima na mshona viatu, baba wa wana watatu. Wa kwanza, naye John, alipelekwa chuo cha Harvard akamaliza mwaka 1755. Mzee akafa mwaka 1761. Wosia ukasomwa. Nyumba ya baba ilikwenda kwa nani? Kwa Peter, mdogo wake John. John alipata nyumba ya jirani na kama ekari 40. Kifungua mimba, na fungu lake dogo kuliko la wenzake! Kwa nini?

“Kwa sababu alishasomeshwa?”

Hasa! Ada ilikuwa sehemu ya shamba lake. Alikwishaila darasani. Na John hakulalama. Mwaka 1774 alimlipa Peter akainunua ile nyumba ya baba. Baadaye akawa rais wa pili wa Marekani. Nyumba zote mbili bado zimesimama, jirani kwa jirani kama ndugu.

“Mjomba, na baba akifa kabla ya kuandika wosia?”

Wengi walikufa hivyo. Kuandika wosia kulionekana kama kukiita kifo, kwa hiyo mtu aliahirisha mpaka ameshindwa kushika kalamu. Hapo sheria ndiyo iligawa. Massachusetts, tangu sheria zao za mwaka 1641, mwana wa kwanza alipata mafungu mawili. Waliitoa katika Biblia, Kumbukumbu la Torati, sura ya 21. Tuseme marehemu ameacha watoto watano. Gawa mali mara ngapi?

“Mara tano.”

Mara sita! Kifungua mimba mafungu mawili, wanne waliobaki fungu moja moja, mabinti wakiwamo. Lakini teremkeni kusini hadi Virginia na mambo yanageuka. Huko, asiyeandika wosia, ardhi yake yote ilikwenda kwa mwana wa kwanza. Yote. Wadogo zake wanatazama. Utaratibu huo waliubeba kutoka Uingereza, na Thomas Jefferson ni mmoja wa waliopigania uondolewe. Virginia ikapitisha sheria ya kuufuta mwaka 1785, baada ya kujitawala.

“Mbona mama hatajwi?” linauliza kabati. “Nimengoja muda mrefu.”

Kweli, tumemsahau mama, kama kawaida ya wenye hati. Mjane alikuwa na theluthi. Theluthi moja ya ardhi na nyumba, ale matunda yake maisha yake yote. Lakini hakuweza kuiuza wala kumwachia ampendaye. Akifa, theluthi inarudi kwa warithi wa mumewe. Na baba walioandika wosia walieleza theluthi hiyo kwa undani ambao ukiusoma unaiona nyumba nzima. Mke wangu atakuwa na chumba cha upande wa mashariki. Atatumia nusu ya stoo ya chini ya nyumba. Atapita mlango wa mbele. Atateka maji kisimani. Ataoka mikate katika tanuri. Mwanangu atamletea kuni zilizokatwa hadi mlangoni, vipimo kadhaa vya mahindi, na farasi wa kumpeleka kanisani. Haya yote mradi abaki mjane wangu. Akiolewa tena, basi, vingi vya hivyo vinakoma.

“Kwani mwanawe angemnyima maji ya kisima?”

Pengine asingemnyima. Lakini mwana ana mke. Mke ana jiko. Na jiko ni lile lile moja. Baba alijua. Ndiyo maana akaandika mpaka tanuri. Mimi hapo huwa nasita kidogo: mwanamke aliyewasha tanuri lile miaka 30 anaandikiwa ruhusa ya kulitumia.

Baada ya mazishi, waliingia wahesabuji. Kwa kawaida ni majirani wawili watatu walioapishwa. Kabati linawakumbuka.

“Walikwenda chumba kwa chumba,” linasema. “Mmoja anaita, mmoja anaandika. Chungu cha chuma, shilingi kadhaa. Kiti kikuukuu, peni kadhaa. Wakafungua milango yangu, wakahesabu mashuka, wakayakunja vibaya. Wakapiga ubavu wangu kusikia kama nimeoza. Wakaandika bei yangu. Halafu…”

Halafu nini?

“Halafu katika nyumba nyingine, kwenye karatasi ile ile, chini ya ng’ombe na juu ya majembe, waliandika mtu. Jina moja tu, bila ukoo. Na bei.”

Ndiyo, wapwa zangu. Hili siwezi kulifunika. Watu waliotolewa Afrika kwa nguvu, na watoto wao waliozaliwa kule, walihesabiwa kuwa mali, wakarithishwa. Kusini walikuwa wengi mno. Kaskazini, Massachusetts kwenyewe, walikuwapo pia. Mwaka 1743 alifariki Virginia mwenye mashamba aitwaye Augustine Washington. Mwana mkubwa, Lawrence, alipewa shamba ambalo baadaye liliitwa Mount Vernon. Mdogo wake, George, mwenye umri wa miaka 11, alipewa shamba jingine dogo, na watu 10.

“Watu 10? Mtoto wa miaka 11?”

Wa rika lako. Ndiye yule George Washington aliyekuja kuwa rais wa kwanza. Alipoandika wosia wake mwenyewe mwaka 1799, aliagiza watumwa waliokuwa wake waachwe huru baada ya kifo cha mkewe. Hiyo ni miaka 56 baadaye. Na wosia za wenye watumwa hazikugawa watu kwa kufuata ukoo wao, bali kwa kufuata ukoo wa bwana: mama akaenda kwa mwana huyu, mtoto wake akaenda kwa binti yule.

“Mimi ni mbao,” linasema kabati. “Nikiandikiwa bei, siumii. Nikitenganishwa na meza, silii. Lakini sheria ilituweka ukurasa mmoja, mimi na wao. Kwetu Massachusetts sote tuliitwa vinavyohama.”

Tunyamaze kidogo. Haya, sasa narudi kwenye swali lako la kwanza, maana sijalisahau. Kwa nini jina liandikwe kwenye kabati?

Hannah aliolewa na John Marsh mwaka 1715. Sheria ya Waingereza wakati ule ilisema hivi: mwanamke akiolewa, vyombo vyake vyote vinavyohama vinakuwa vya mumewe. Sahani zake. Mashuka aliyoyafuma. Ng’ombe wake.

“Hata kabati lenye jina lake?”

“Hata mimi,” linasema kabati. “Hannah aliingia mlangoni akiwa nami, na kabla hajaketi, kwa sheria, nilikuwa wa John.”

Tena jina lake lenyewe lilibadilika. Akawa Hannah Marsh. Mwaka 1717 alijifungua mtoto wa kike, akaitwa Abigail, na Hannah akafariki. Abigail hakumjua mama yake hata siku moja. Alikua, akaolewa, akawa Abigail Hastings. Mnaona? Barnard, Marsh, Hastings. Kwa upande wa mama, jina linapotea kila harusi. Ardhi ya Marsh ilibaki na jina la Marsh. Lakini kabati likamfikia Abigail, na kabati lilikuwa bado linasema HANNAH BARNARD. Na Abigail alipopata binti, alimwita nani? Alimwita Hannah Barnard Hastings. Jina lilitoka kwenye mbao likarudi kwa mtu.

Mimi nadhani Hannah alijua alichokuwa akikifanya. Sheria haikumpa hati, akaandikisha yake kwa rangi.

“Mjomba, kabati liko wapi sasa?”

Liko katika jumba la makumbusho la Henry Ford, mjini Dearborn, jimbo la Michigan. Rangi zipo, jina linasomeka. Na sheria ile ya mume kuchukua vyombo vya mke? Massachusetts ilipitisha sheria mwaka 1855 ikamruhusu mwanamke aliyeolewa abaki na mali yake mwenyewe. Chukueni penseli: 1855, toa 1715. Atakayepata jibu kwanza aniambie kabati lilikuwa limetangulia sheria kwa miaka mingapi.